Uzamili katika usimamizi wa burudani: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mwombaji

Fani ninayoizungumzia hapa haihusu muziki na vichekesho vya jukwaani. Inahusu bwawa la kuogelea lililo salama, viwanja ambavyo timu za mitaani zinaweza kuvitumia, kambi za vijana wakati wa likizo, njia za kutembea ndani ya hifadhi, na mazoezi ya mzee aliyepooza upande mmoja anayetaka kurudi kwenye mchezo wake wa bao. Nyuma ya kila kimoja kuna mtu aliyepanga bajeti, akaajiri wasimamizi, akaandika kanuni na kupokea malalamiko. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 linataja haki ya kupumzika katika kifungu cha 24, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unataja haki ya kucheza katika kifungu cha 31. Mtu huyo ndiye anayeamua kila siku kama haki hizo zitafika kwa mwenye kipato cha chini au zitaishia kwa mwenye uwezo wa kulipa kiingilio.

Kama unataka kuisomea kazi hii kwa ngazi ya uzamili, ushauri wangu mkuu ni mmoja: tafuta kwanza mtu utakayesoma chini yake na kazi utakayoifanya ukiwa masomoni, jina la chuo lije baadaye. Fani ni ndogo, watu wake wanajuana, na miaka miwili ya kazi ya kweli chini ya msimamizi mzuri itakufungulia milango ambayo jina kubwa peke yake haliifungui.

Hatua ya 1: Amua tawi lako

Kuna bustani na huduma za burudani za umma, yaani kazi chini ya serikali za mitaa. Kuna michezo na mazoezi ya wanafunzi vyuoni. Kuna burudani ya nje na utalii, ambapo utasoma namna ya kupokea wageni bila kuharibu msitu au pwani wanayoifuata. Kuna burudani tiba, inayotumia michezo, sanaa na shughuli nyingine kumsaidia mgonjwa au mtu mwenye ulemavu arudishe uwezo wake. Na kuna wanaotaka kuwa watafiti, ambao kwao uzamili ni ngazi ya kuelekea uzamivu.

Matawi manne kati ya haya yanasameheana. Ukianza kwenye moja unaweza kuhamia jingine bila taabu kubwa. Burudani tiba haisamehi. Marekani, cheti cha kitaaluma cha tawi hilo hutolewa na NCTRC, na masharti yake yanaanza darasani: lazima uwe umesoma anatomia na fiziolojia, saikolojia ya matatizo ya akili, na ukuaji wa binadamu katika umri wote, pamoja na kozi za burudani tiba zenyewe. Juu ya hapo kuna mafunzo kwa vitendo ya saa 560 zisizopungua, ndani ya wiki 14 mfululizo, chini ya msimamizi ambaye mwenyewe ana cheti hicho. Anayechukua uzamili wa jumla akitumaini kuingia hospitalini baadaye hujikuta akirudi darasani kutafuta kozi tatu au nne zilizopungua. Kwa hiyo, kama moyo wako uko kwenye tiba, iandikie idara kabla ya kuomba na uulize wazi: je, mhitimu wenu anatoka akiwa ametimiza masharti yote ya mtihani wa NCTRC?

Hatua ya 2: Tafuta programu kwa kusoma orodha ya kozi

Majina yanatofautiana sana. Clemson wanaiita Parks, Recreation and Tourism Management. Illinois ya Urbana-Champaign wana Recreation, Sport and Tourism. Waterloo ya Kanada wana Recreation and Leisure Studies. Ukiandika kwenye mtandao jina moja tu, utaacha nje nusu ya nafasi zilizopo. Idara yenyewe inaweza kuwa chini ya kitivo cha afya, cha maliasili, cha elimu au cha biashara, na hilo linakuambia mengi kuhusu watu utakaosoma nao. Idara iliyo chini ya maliasili itakupeleka msituni. Iliyo chini ya afya itakupeleka kliniki na kwenye vituo vya wazee.

Fungua orodha ya kozi na utafute mambo haya: fedha na bajeti, sheria na dhima pale mtu anapoumia, tathmini ya programu, upangaji wa maeneo, na mbinu za utafiti zenye takwimu ndani yake. Programu isiyo na fedha wala sheria siiamini kwa anayetaka kuwa msimamizi, hata kama kozi zake nyingine zina majina ya kuvutia. Asilimia kubwa ya maumivu ya kichwa kazini hutoka kwenye mambo hayo mawili.

Usishtuke ukikosa alama ya COAPRT, chombo cha Marekani kinachothibitisha ubora katika fani hii, kwa sababu kazi yake imeelekezwa hasa kwenye shahada ya kwanza. Kilicho muhimu ni chuo chenyewe kuwa na ithibati inayotambulika.

Kuhusu muda, Marekani uzamili huu kwa kawaida ni wa miaka miwili na krediti 30 hadi 36. Uingereza ni mwaka mmoja, mkali na wa haraka. Mwaka mmoja unamfaa aliyekwisha fanya kazi na anajua anachokitafuta. Asiye na uzoefu nitamshauri achukue miaka miwili, maana ndani yake kuna nafasi ya kujifunza kazi.

Hatua ya 3: Tasnifu au mradi?

Ukifikiria uzamivu, andika tasnifu. Ukitaka kwenda moja kwa moja kazini, chagua njia ya mradi au mafunzo kwa vitendo, lakini mradi wenyewe uwe ni kitu ambacho idara fulani ya bustani au kituo fulani kitakitumia, kama mpango wa matengenezo au tathmini ya programu iliyopo. Waajiri huomba kuuona.

Hatua ya 4: Fedha, na kazi inayokuja nazo

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi.

Vyuo vya Marekani na Kanada vina nafasi za usaidizi wa uzamili. Unafanya kazi kwa chuo, nacho kinakulipa posho na mara nyingi kinakupunguzia au kukuondolea ada. Marekani, usaidizi wa kawaida ni saa 20 kwa wiki, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 hicho ndicho kikomo cha kazi ya chuoni wakati wa muhula. Nafasi za kufundisha na za utafiti hutoka idarani, na wanaoziwania ni wengi.

Nafasi ambazo waombaji wengi hawazijui ni zile za kitengo cha michezo na mazoezi ya wanafunzi. Vyuo vikubwa vina majengo yenye viwanja vya ndani, mabwawa, kuta za kupanda na vyumba vya mazoezi, na uendeshaji wake unategemea wanafunzi wa uzamili. Mara nyingi nafasi hizi huombwa mbali na maombi ya kujiunga na masomo, kwa mkurugenzi wa kitengo, na hutangazwa na kujazwa miezi kadhaa kabla ya muhula wa kwanza. Ukisubiri barua ya kukubaliwa ndipo uulize, utakuta zimeisha. Omba vyote viwili kwa wakati mmoja, na kila upande uujulishe kuhusu upande wa pili.

Chama cha watu wa sekta hiyo ni NIRSA. Kilianzishwa mwaka 1950 katika chuo cha Dillard, New Orleans, kwa juhudi za William Wasson, aliyewakutanisha viongozi wa michezo kutoka vyuo 11 vya Wamarekani weusi. Mkutano wake wa kila mwaka umekuwa mahali ambapo waajiri na waombaji hukutana, na matangazo ya nafasi za usaidizi yanasambazwa kupitia mtandao wake. Jiunge mapema kadiri unavyoweza.

Ujue pia unaingia kwenye kazi ya aina gani. Chukua zamu moja ya jioni ya msaidizi anayesimamia jengo. Anapokea funguo na simu ya upepo, anapita milango ya dharura mmoja baada ya mwingine kuhakikisha hakuna aliyeizuia kwa magodoro ya mazoezi. Anachota maji ya bwawa na kuyapima: klorini huru isipungue sehemu 1 kwa milioni, pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, kama inavyoshauri CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Namba anaziandika kwenye daftari pamoja na saa na jina lake, kwa sababu siku mtu akiugua, daftari hilo ndilo litakaloulizwa. Saa mbili usiku mchezaji wa kikapu anateguka kifundo cha mguu. Barafu, fomu ya tukio, majina ya mashahidi, simu kwa mkuu wa zamu. Fomu inaandika kilichoonekana tu: "alitua juu ya mguu wa mchezaji mwenzake," si "alicheza kwa uzembe." Saa nne anazungumza na wanafunzi wa shahada ya kwanza walio chini yake, mmoja amechelewa kwa mara ya tatu, na anapaswa kumkanya bila kumvunja moyo. Kisha ripoti ya zamu, na asubuhi darasa la takwimu. Ni kazi ngumu. Lakini mtu aliyeifanya kwa miaka miwili anaingia kwenye usaili akiwa na visa vya kweli vya kusimulia, na ndiyo maana naipendekeza kwa nguvu.

Ukipewa nafasi, usifurahie posho kabla ya kuuliza maswali haya. Ada inaondolewa yote, au ni ile nyongeza tu wanayotozwa wanaotoka nje ya jimbo? Michango ya lazima ya kila muhula nani anailipa? Bima ya afya imo? Mkataba ni wa miezi 9 au 12, na wakati wa likizo ndefu utaishije? Mwaka wa pili umehakikishwa au unaombwa upya? Majibu yaje kwa maandishi. Kati ya nafasi mbili zenye posho sawa, tofauti ya michango na bima peke yake inaweza kula miezi kadhaa ya kodi ya nyumba.

Nje ya vyuo kuna ufadhili wa Fulbright kwa Marekani, na wa Chevening kwa uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanaouhesabu kama saa 2,800, na wanakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kazi ya kujitolea nayo wanaihesabu, na katika fani yetu hilo ni jambo kubwa: miaka ya kufundisha timu ya watoto bila malipo iandike yote, na saa zake.

Hatua ya 5: Mwandikie msimamizi

Kwa anayekwenda njia ya tasnifu, barua pepe moja nzuri ina uzito kuliko alama chache za ziada kwenye matokeo. Chagua wahadhiri watatu au wanne, soma makala mbili za karibuni za kila mmoja hadi mwisho, ndipo uandike. Profesa hutambua mara moja barua iliyotumwa kwa watu hamsini.

Uwe na msamiati wa fani. Mfano, swali la kwa nini watu hawashiriki lina historia yake: Crawford na Godbey mwaka 1987 waligawa vikwazo katika makundi matatu, vilivyo ndani ya mtu mwenyewe, vilivyo kati yake na wenzake, na vya kimazingira kama muda, fedha na umbali. Ukisema tu "watu hawaji kwa sababu ya umaskini," umegusa kundi moja. Ukionyesha kwamba unayajua yote matatu na una mahali pa kuyachunguza, umekwisha kuwa mwenzake wa mazungumzo.

Utaandika kwa Kiingereza au lugha ya chuo, lakini mwenendo wa barua uwe kama huu:

"Profesa, nimekuwa nikiratibu programu ya kuogelea ya wasichana kwa miaka mitatu. Walio wengi huacha wakifikisha umri wa miaka 13 hivi, ingawa hakuna kiingilio na bwawa liko karibu. Nimesoma makala yako kuhusu vikwazo vya ushiriki, na nimejiuliza kama vikwazo vya kati ya mtu na wenzake vinaeleza zaidi hali hii kuliko vya kimazingira. Ningependa kulichunguza hilo katika tasnifu ya uzamili. Je, unapokea wanafunzi wapya kwa mwaka ujao wa masomo, na kuna nafasi ya usaidizi wa utafiti? Nimeambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja."

Basi. Hakuna sifa ndefu kwa profesa wala historia ya maisha. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha nenda kwa mwingine. Akikujibu kwamba hachukui wanafunzi mwaka huu, mshukuru na umwombe akuelekeze kwa mwenzake. Mara nyingi atafanya hivyo.

Hatua ya 6: Nyaraka

Anza mwaka mmoja na zaidi kabla. Tarehe za wanaotaka ufadhili huwahi kuliko tarehe ya mwisho ya jumla, mara nyingi kati ya Desemba na Februari, na tarehe yako ni ile inayowahi.

TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, matokeo yake hudumu miaka miwili. GRE, mtihani wa jumla wa kujiunga na uzamili, hudumu mitano, lakini idara nyingi zimeacha kuidai, kwa hiyo usilipie mtihani kabla ya kusoma masharti. Nakala rasmi za matokeo ya shahada ya kwanza ziombe mapema, maana ofisi za usajili zina foleni zake. Wanaokuandikia mapendekezo wawe watu waliokuona ukifanya kazi: mhadhiri mmoja angalau, na mkuu wako wa kazini au wa kazi ya kujitolea. Wape wasifu wako, rasimu ya barua yako ya kujieleza na tarehe ya mwisho, na wiki nne za nafasi.

Barua ya kujieleza isianze na "tangu utotoni nimependa michezo." Kila mwombaji anapenda michezo. Anza na tatizo uliloliona likihitaji msimamizi mwenye elimu: uwanja uliofungwa kwa sababu hakuna aliyepanga fedha za kuutunza, kambi iliyowaacha nje watoto wenye ulemavu kwa sababu choo kilikuwa na ngazi. Eleza ulichofanya, kilichokushinda kwa kukosa ujuzi, na kozi au mhadhiri gani wa chuo hicho atakuzibia pengo hilo.

Hatua ya 7: Usaili

Usaili wa usaidizi hupenda maswali ya hali halisi, na swali la bei linarudi mara nyingi. Jifunze kulifikiria kwa hesabu ndogo. Darasa la kuogelea la watoto lina gharama ya moja kwa moja ya 1,200, kwa sarafu yoyote. Watoto 20 wanalipa 45 kila mmoja, jumla 900, yaani darasa linarudisha asilimia 75 ya gharama. Mkuu wako anataka lijilipe lenyewe, unapandisha bei hadi 60. Watoto 5 wanaacha. Waliobaki 15 wanalipa 60, jumla 900 ile ile. Hujapata hata senti moja ya ziada, na watoto watano hawatajifunza kuogelea.

Anayeweza kuieleza hesabu hiyo kwa utulivu, kisha akasema ni huduma gani zinastahili ruzuku kwa sababu faida yake ni ya jamii nzima na zipi mtumiaji mwenyewe azilipie kikamilifu, ameonyesha kwamba anafikiri kama msimamizi. Kuogelea kwa watoto kunazuia vifo. Somo binafsi la tenisi kwa mtu mzima linamfaidisha yeye. Jizoeze kutetea bei ya kila kimoja.

Hatua ya 8: Kukubali nafasi

Vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya Aprili 15. Chuo kikikubana mapema, uliza kwa adabu kama kimo kwenye makubaliano hayo. Si kila nafasi ya usaidizi inaingia humo, hasa zile za vitengo vya michezo, hivyo uliza kabla ya kukaa kimya. Ukishakubali, chuo kitakutumia I-20, fomu unayoombea viza ya mwanafunzi, utalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, ndipo uweke miadi ya viza.

Hatua ya 9: Muhula wa kwanza

Chukua mbinu za utafiti mapema, kabla ya kozi za kuchagua. Maliza mafunzo ya maadili ya utafiti mwezi wa kwanza, kwa sababu huwezi kumhoji mtu yeyote bila idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na utafiti wa watoto hupitiwa kwa uangalifu zaidi na kuchukua muda. Soma misingi ambayo wengine watakuwa wameishaisoma: dhana ya Csikszentmihalyi ya mtu kuzama katika shughuli, kazi ya Stebbins ya mwaka 1982 kuhusu burudani inayofanywa kwa bidii kama taaluma, na, kwa wa hifadhi, mfumo wa mipaka ya mabadiliko yanayokubalika uliotolewa na Idara ya Misitu ya Marekani mwaka 1985. Mfumo huo uliacha kuuliza wageni wangapi ni wengi mno, ukauliza hali gani ya mahali tunataka kuilinda. Swali hilo utalitumia hata kwenye uwanja wa mpira.

Kufikia mwisho wa muhula wa pili uwe umeunda kamati yako ya tasnifu na kukubaliana na msimamizi juu ya mada. Na kwa mwenye F-1, kalenda ya kazi baada ya masomo inaanza kabla hujamaliza: kibali cha OPT, kinachompa mhitimu miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, kinaweza kuombwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu. Mwone mshauri wa wanafunzi wa kigeni mwanzoni mwa muhula wa mwisho, uwe na barua za kuomba kazi ulizokwisha kuanza kuziandika.